Katibu wa langoni na mistari mitatu ya ukurasa wa 63

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Ndani ya ghala la kampuni moja ndogo ya uchapishaji, mwanamume wa miaka hamsini na tisa amekaa juu ya boksi lililogeuzwa, kalamu nyeusi mkononi, rula mapajani. Mbele yake vitabu vimepangwa hadi usawa wa kifua.

Anachukua kimoja. Anafungua ukurasa wa 63 bila kuutafuta, kwa maana kidole gumba kimeshauzoea. Anakata mistari miwili ya juu, anakata mmoja wa chini, kisha anaandika maneno machache pembeni kwa mwandiko wa shule. Anapuliza wino ukauke, anafunga, anachukua kingine.

Mtunza ghala anapita na toroli na kutikisa kichwa. Amezoea kuona waandishi wakija kuangalia vitabu vyao, wengine wakivinusa kama mkate wa moto. Huyu ndiye wa kwanza kuja kuvichorachora.

"Ananiambia naviharibu," mwenyewe anasema bila kuinua macho. "Namwambia hapana, niliviharibu wakati naviandika. Sasa hivi natengeneza."

Kitabu ni chake. Jina lake, kwa herufi nyekundu, liko pale juu ya jalada: jina kamili, ambalo siku hizi, akilitazama, anahisi kama ametajwa mahakamani.

Lakini hakuna anayemwita kwa jina hilo. Kwa miaka ishirini na miwili watu wamemwita Katibu.

Siku za kazi, Katibu hukaa langoni mwa jengo la ofisi za serikali, mahali watu wanapofuata vyeti vya kuzaliwa, leseni na hati za viwanja. Kuna meza tano zimeegemea ukuta, na yake ni ya kwanza. Juu yake kuna mashine ya kuchapa ya chuma, karatasi za kaboni ndani ya mfuko wa plastiki, kidau cha wino wa dole, na jiwe la kuzuia karatasi zisipeperuke.

Kazi yake ni kuwaandikia wasioweza kuandika, au wanaoweza ila wanaogopa fomu. Ukurasa mmoja anatoza bei ya mkate mmoja. Zamani siku nzuri ilimpa kurasa ishirini. Siku hizi akipata kumi na mbili anashukuru, na sababu yake anaijua.

"Watu wanadhani kazi yetu ni kuandika," anasema. "Kazi yetu ni kusikiliza. Mtu anakuja na fomu ya mirathi, unamuuliza marehemu aliacha watoto wangapi, anageuka kutazama nani yuko nyuma yake. Kisha anakuambia watatu wa nyumbani, na mmoja ambaye nyumbani hawamjui. Hapo hujaandika hata neno. Umeshabeba siri."

Siri hizo alizibeba kwa miaka mingi bila taabu. Tatizo ni kwamba tangu utotoni alitaka kuwa mwandishi wa vitabu. Akiwa darasa la sita mwalimu alisoma insha yake mbele ya darasa zima, na anakiri kwamba hajapona tangu siku ile. Shule aliiacha mapema, akawa tarishi, kisha mpiga chapa katika kampuni iliyofungwa. Siku ya kufungwa wenzake walibeba viti. Yeye alibeba mashine ya kuchapa.

Alipotimiza miaka hamsini alianza kuandika kweli. Alifika langoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla lango halijafunguliwa, akaandika kwa mkono katika daftari za mistari hadi saa mbili. Mkewe, ambaye ni mshonaji, alimfungia chai kwenye chupa na kumtania kwamba anamwibia mume na kuzipa karatasi.

Ilimchukua miaka sita na daftari kumi na moja. Akiulizwa hadithi ilitoka wapi, hacheleweshi jibu. Ilitoka kwenye kiti cha mteja, kile cha mbao kilichoko upande wa pili wa meza yake.

Na kati ya wote waliokaa kwenye kiti hicho, aliyemjaza zaidi ni mwanamke mmoja ambaye watu wa mtaa ule wanamwita Dada Pasi.

Dada Pasi ana miaka hamsini na nne na anapiga pasi katika duka la dobi, nyumba nne kutoka langoni. Hajui kusoma. Namba anazijua vizuri, saa anaijua, pesa hazimpigi chenga. Majina ya wateja kwenye tiketi hayajui, lakini hajawahi kumpa mtu shati la mwenzake, kwa sababu anakumbuka vifungo. Mwenye duka, ambaye ndiye mtu mwingine pekee aliyelijua jambo hilo, anasema karani aliyesoma alimkosea mashati mengi kuliko Dada Pasi.

Mtu ambaye hakulijua ni binti yake wa pekee.

Alimlea peke yake, na alikuwa na mbinu. Binti alipoanza shule, mama alimwambia asome kwa sauti, yeye atasikiliza makosa. Mtoto akikwama, mama alisema, "Rudia hapo." Sikio lake lilikuwa kali kiasi kwamba mtoto alikua akiamini mama yake ameshika kitabu chote kichwani. Ripoti za shule alizitia sahihi ya mchoro aliojizoeza kwa chaki kwenye sakafu.

Miaka tisa iliyopita binti alikwenda chuo cha ualimu, mji wa mbali, akaanza kutuma ujumbe wa maandishi kwenye simu. Hapo mbinu ziliisha. Dada Pasi alivuka barabara na simu yake ya vitufe, akaketi mbele ya Katibu, akasema kwa sauti ya chini kwamba macho yanamsumbua siku hizi.

Katibu alimsomea. Dada Pasi akampa jibu, Katibu akaliandika. Ikawa desturi yao kwa miaka tisa. Macho hayakutajwa tena. Yeye akamwita Katibu kaka, na Katibu akamwita dada.

Katika mwaka ule wa kwanza binti alifeli mtihani, akaandika kwamba anataka kurudi nyumbani. Katibu anakumbuka kwamba Dada Pasi alitazama viganja vyake vyenye alama za moto, kisha akasema aandike hivi: "Mwanangu, shati la kwanza nililopewa nililiunguza. La pili sikuliunguza. Kaa huko huko."

Binti alikaa. Alinakili maneno yale nyuma ya daftari lake, na leo ni mwalimu wa sekondari.

"Nilirudi nyumbani siku ile siwezi kula," Katibu anasema. "Nilikuwa na daftari nne tayari zimejaa maneno yangu, na hakuna hata moja iliyokuwa na sentensi kama ile."

Mswada ulipokamilika aliuchapa mwenyewe, kurasa mia mbili na kumi, akaupeleka kwa mchapishaji wa kwanza umefungwa kwa kamba. Ulirudi baada ya miezi minane. Fundo la kamba lilikuwa lile lile alilofunga yeye. Mchapishaji wa pili alimwandikia mistari miwili ya kumtakia heri.

Wa tatu alikuwa na mhariri mwanamke, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, ambaye aliusoma wote. Alimwita ofisini, akampa kiti, akamwambia kitabu kina uhai ila katikati pamepoa. Wasomaji, alisema, wanapenda kucheka kidogo kabla hawajalia.

Katibu alirudi nyumbani akipepea. Kwa wiki nzima alitafuta kicheko. Akakumbuka kwamba Dada Pasi, akisubiri zamu yake kwenye benchi la wateja, hushika gazeti, moja ya yale wanayofungia nguo pale dukani, apate kuonekana amekuja kwa shughuli nyingine.

Akatia chumvi. Aliandika kwamba yule mama alikaa kwenye foleni akilishika gazeti kichwa chini, akitikisa kichwa kana kwamba habari zimemgusa, na watu wote kwenye benchi wakauma midomo. Hiyo ni mistari miwili ya juu ya ukurasa wa 63.

Chini ya ukurasa huo huo, katibu wa kitabuni anachukua simu ya yule mama na kuandika ujumbe kuhusu shati lililoungua. Sehemu kubwa ya ukurasa ni mazungumzo tu. Mstari mmoja wa mwisho ndio unaosema: "Maneno yalikuwa ya katibu, mama alitoa simu tu."

Mhariri alicheka hadi akafuta miwani. Kitabu, *Sahihi ya Dole*, kilichapwa nakala elfu moja.

Nakala za kwanza zilipofika langoni ilikuwa kama harusi. Wenzake wa meza nne walinunua. Mlinzi alinunua. Afisa wa vyeti alishuka ngazi kuja kumpa mkono. Na saa saba mchana, muda wake wa mapumziko, alikuja Dada Pasi, mikono bado ina joto la pasi, akanunua kitabu kama watu wengine.

Alikigeuza, akakipapasa jalada, akaomba kisainiwe. Katibu aliandika: "Kwa dada yangu, aliyenifundisha kusikiliza." Alimsomea maneno hayo. Dada Pasi alitabasamu, akakikumbatia kifuani, akarudi kazini.

Hapa Katibu anaiweka kalamu chini.

"Watu wakiniuliza kosa langu lilikuwa nini, wanadhani ni kuandika," anasema. "Hata sijafika huko. Kosa langu ni siku ile ya kusaini. Nilijua kilichoko ukurasa wa 63, na sikuogopa. Unajua kwa nini sikuogopa? Nilijua hawezi kukisoma."

Kitabu kilikaa miezi minne juu ya kabati la vyombo la Dada Pasi, kimesimamishwa jalada lake lionekane. Likizo ilipofika, binti yake alikuja nyumbani, akakiona, akakifungua, akasoma maneno ya mwandishi kwa mama yake. Alifurahi sana. Hakujua kwamba mama siku hizi anasoma riwaya, tena ana urafiki na waandishi.

Alikisoma mchana kutwa kibarazani. Dada Pasi alikuwa jikoni na anasema alimsikia akicheka. Kisha kicheko kikakatika.

Binti aliingia, akamwekea kitabu mikononi, akamwomba afungue ukurasa wa 63. Namba anazijua, kwa hiyo aliufungua. Aliutazama ukurasa kwa muda ambao alidhani unatosha, akasema, "Nimeona."

"Nilidhani nimeponea," Dada Pasi anasimulia, akiwa amesimama nyuma ya meza yake ya pasi, mvuke ukimfunika na kumfunua. "Akaniambia, basi nisomee mama. Nikatazama ukurasa. Nikatazama mlango. Miaka yote ile nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, ila hilo sikujiandaa."

Binti alimsomea yeye sura nzima, kutoka gazeti hadi mwisho, akilia. Dada Pasi anasema hakulia. Alisikiliza makosa, kama zamani.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili na nusu, wateja wakiwa tayari kwenye benchi, alivuka barabara na kuketi kwenye kiti cha mbao. Katibu alimkaribisha, akanyoosha mkono apokee simu. Dada Pasi hakutoa simu. Alisema anataka barua.

Katibu akaingiza karatasi kwenye mashine na kuuliza inakwenda kwa nani.

"Kwa Katibu," alisema.

Katibu alicheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha akamtazama usoni, akaviondoa vidole juu ya herufi. Binti wa meza ya nne, mwandishi mdogo kuliko wote pale langoni, anasema wote watano waliacha kuchapa, kwa hiyo kila mtu alisikia.

Barua hiyo Katibu anayo. Ameikunja mara nne ndani ya pochi, na ameruhusiwa kuionyesha:

"Kwa Katibu. Nimesomewa kitabu chako. Gazeti sikulishika kichwa chini. Picha za gazeti zina kichwa na miguu, na mimi nina macho. Neno la shati lilikuwa langu, nililisema nikiwa nimekaa hapa hapa nilipokaa sasa. Wewe umeandika kwamba ulilitunga wewe. Sasa mwanangu ananiuliza, katika miaka yote tisa, ni lini alikuwa anaongea na mimi na ni lini alikuwa anaongea na wewe. Sina la kumjibu, kwa sababu ushahidi ni kitabu, na kitabu ni chako."

Kwa mazoea tu, Katibu aliuliza kama amalizie na salamu. Alijibiwa aishie hapo. Kisha Dada Pasi akaomba asomewe, kama anavyoomba siku zote, ahakikishe hakuna neno lililoongezwa.

Katibu aliisoma kwa sauti mbele ya benchi zima. Anasema ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Dada Pasi akatia sahihi yake ya mchoro, akaweka malipo ya ukurasa mmoja juu ya meza, akaacha barua pale pale kwa mwenyewe, akaondoka.

Siku nane Katibu hakwenda kazini. Aliwatumia watu habari kwamba anaumwa. Mwanzoni, nyumbani, alijitetea. Alimweleza mkewe kwamba riwaya ni ubunifu, na kwamba jina alilibadilisha. Mkewe alikuwa akitia uzi kwenye sindano na hakugeuka.

"Jina ulibadilisha," alimwambia. "Mtu je?"

Siku ya tano alichukua nakala yake mwenyewe na kalamu ya bluu. Alikusudia kupiga mstari chini ya maneno yote ambayo Dada Pasi aliwahi kuyasema kwa kinywa chake, ajue ukubwa wa deni. Alidhani yatakuwa machache. Alipofika sura ya nne ukurasa ulikuwa wa bluu zaidi kuliko mweusi. Sura ya saba, ile ambayo afisa wa vyeti alisema ilimtoa machozi, ilibakiwa na "akasema" na "akajibu".

"Hizo ndizo zangu," Katibu anasema. "'Akasema' na 'akajibu'. Nilizipanga vizuri, lakini."

Ni mara ya kwanza anatabasamu tangu asubuhi, na tabasamu halidumu.

Siku ya tisa alipiga moyo konde. Alisafiri saa sita hadi shule anayofundisha binti, na kitabu kile cha bluu ndani ya bahasha. Alimkuta kwenye veranda ya ofisi ya walimu, mikono ina chaki. Binti hakumkaribisha kiti, naye anasema angepewa asingekaa.

Alimweleza kwamba kila ujumbe alioupata miaka tisa ulitoka kinywani mwa mama yake. Yeye alikuwa vidole tu. La shati lilikuwa la mama. La kumwambia asiolewe na mtu anayemharakisha lilikuwa la mama. Hata lile la kumkumbusha kukata kucha za mguu lilikuwa la mama, na yeye Katibu alijaribu kulizuia.

Binti alimwacha amalize. Kisha akauliza swali moja, kwa nini aliandika kinyume.

"Nilitaka katibu wa kitabuni awe hodari," Katibu alimjibu. "Na ili yeye awe hodari, ilibidi mama yako awe mjinga."

Binti alisema angeweza kuandika tu kwamba mama ndiye aliyesema. Katibu alisema ndiyo, angeweza. Kengele ikalia. Binti alichukua bahasha, akaingia darasani, hakuaga.

Akihojiwa kwa ajili ya makala haya, mwalimu huyo alisema hajamsamehe Katibu na hajajipa tarehe ya kufanya hivyo. Lakini kitabu kile alikisoma mara mbili: mara ya kwanza maneno ya bluu peke yake, mfululizo, akiruka mengine yote. "Nilimsikia mama," alisema. "Nilisikia hata pale anapovuta pumzi."

Kisha akamnunulia mama yake simu mpya, inayotuma sauti. Anabonyeza, anaongea, anaachia. Hahitaji mtu wa kumwandikia.

Je, atajifunza kusoma? Mwanawe ameshajitolea kumfundisha. Dada Pasi anageuza kola ya shati, anaipiga pasi upande wa ndani kwanza. "Nikipenda, nitajifunza," anasema. "Ila nisifundishwe kwa sababu watu walicheka."

Alipoulizwa kama ana pingamizi habari hii kuandikwa, aliisimamisha pasi wima. "Andika," alisema. "Safari hii nimeulizwa." Sharti lake lilikuwa moja, asomewe yote kabla haijachapwa. Amesomewa. Alisahihisha mahali pawili.

Kwa mchapishaji mambo hayakuwa mepesi. Mhariri alimsikiliza Katibu kwa huruma, akakiri kwamba kicheko alikiagiza yeye. Lakini alimweleza ukweli wa biashara: chapa ya pili, yenye marekebisho, itatoka tu ya kwanza ikiisha. Zilikuwa zimeuzwa nakala 688. Ghalani zilibaki 312.

Katibu aliona amefungwa kamba miguu na mikono. Akiziuza anaeneza uongo, asipoziuza hausahihishwi. Alikaa na jambo hilo kwa wiki mbili, kisha akaomba ruhusa ya kuingia ghalani kila Jumamosi na kalamu.

Mpaka leo amemaliza 140. Juu, pembeni mwa mistari iliyokatwa, anaandika: "Alilishika sawasawa." Chini anaandika: "Maneno yalikuwa ya mama." Hajaribu kueleza zaidi. Msomaji akishangaa, ashangae.

Zile 688 hawezi kuzifikia. Ziko majumbani, maktabani, mikononi mwa watu wanaosomeana kile kipande cha gazeti na kucheka. Mwezi uliopita, akisubiri dawa kwenye duka la dawa, alisikia wanawake wawili wakikisimulia. Hawakumjua. Alitaka kuwaambia, akashindwa, akatoka bila dawa.

Langoni, wateja saba wa kudumu wamehamia meza nyingine. Wapo waliobaki wakiwa na masharti. Mzee mmoja wa mirathi hujiwekea kidole mdomoni kabla hajaanza na kumwambia, "Hili ni la fomu, si la kitabu." Katibu hucheka naye, maana hana la kufanya.

Hata hivyo hajaacha kuandika. Ana daftari jipya, kurasa thelathini zimejaa. Ni habari za tarishi aliyebeba mashine ya kuchapa siku kampuni yake ilipofungwa. Akitaka kumtia ndani mtu mwingine yeyote, kwanza anamwendea, anamsomea, anamwachia aseme hapana. Wawili wamesema hapana, akachana kurasa zao mbele yao. Kazi inakwenda polepole sana. Mhariri ameshauliza itakwisha lini, akajibiwa kwamba watu hawajamaliza kuulizwa.

Mpango wake wa karibu ni kumaliza zile 172 zilizosalia kabla ya mvua, kwa kuwa paa la ghala linavuja. Tumaini lake la mbali anasita kulitaja. Mwishowe analisema akiangalia pembeni: siku moja Dada Pasi aketi tena kwenye kile kiti cha mbao, hata kama ni kupumzika tu.

Wiki iliyopita nusura iwe. Dada Pasi alikuja langoni kufuata kitambulisho kipya, akaenda moja kwa moja kwa binti wa meza ya nne, akajaziwa fomu yake. Kisha akakaa mwisho wa benchi kusubiri dirisha lifunguliwe. Kutoka hapo hadi meza ya Katibu ni hatua tatu.

Akatoa simu yake mpya, akabonyeza, akaisogeza mdomoni. "Mwanangu," alianza, "leo wameniletea gauni la bibi harusi, jeupe, limekunjamana lote, nikalitazama, nikasema moyoni..."

Katibu hakuwa na mteja. Mashine ilikuwa kimya na masikio yake, anavyoyajua mwenyewe, yalikuwa yameshasimama. Akainuka, akachukua kikombe chake, akazunguka nyuma ya jengo hadi bombani. Alifungulia maji kwa nguvu, akasimama pale mpaka alipokadiria kwamba mama amemaliza kuongea na mwanawe.

"Ilianza vizuri sana ile sentensi," anasema, na kufungua ukurasa wa 63 wa kitabu cha mia na arobaini na moja. "Sijui iliishaje."